Mwenyekiti Anakagua Choo

Nianze na choo, maana kila anayesimulia habari hii huanza na sumu, na wote wanakosea. Choo cha Datius Mutalemwa kule Ijumbi, upande wa Muleba, kilichimbwa futi ishirini na tano. Kilikuwa na mlango wa mbao, kifuniko chenye mpini, na kibuyu cha maji ya kunawa pale nje. Mwaka sabini na tatu, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu waliletwa kwa lori kutoka vijiji vya jirani waje kukitazama. Walipanga foleni. Mutalemwa, mwenyekiti wa kijiji, alisimama kando na fimbo yake akiwaeleza kwamba kuhara ni aibu ya kaya chafu, na kwamba yeye hajahara tangu Uhuru. Wakampigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu asiyehara anachimbia nini shimo la futi ishirini na tano.

Mimi ni Alistidia, mzaliwa wa Bilele, hapa hapa Bukoba, nesi na mkunga kwa miaka thelathini na moja, Mlutheri, na mdomo wangu haujawahi kupata likizo. Nayasema haya kwa sababu nilikuwepo. Na kwa sababu nililipia kwa tumbo langu mwenyewe, kama mtakavyosikia.

Mutalemwa aliletwa hospitalini kwetu Bukoba mwezi wa Aprili mwaka sabini na tano, nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya magunia matupu ya kahawa. Jumapili ile alikuwa anahutubia mkutano wa kijiji. Akainua mkono, akasema "Uhuru na Kazi!", watu wakaitikia, mkono ukakataa kushuka. Vidole vikajikunja, mdomo ukakaza, akaanguka chini mbele ya wananchi wake huku mkono bado uko juu. Wengine waliendelea kuitikia kwa muda, wakidhani ni sehemu ya hotuba.

Alikuja na wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa dada yake, Joviana, mnene, rozari mkononi na kikapu kwenye kiwiko. Wa pili alikuwa mke wake, Kokuberwa, na huyo hakushuka kwenye pikapu mpaka alipoambiwa. Kabla sijauliza jina la mgonjwa, Joviana alikwisha kunipa ugonjwa.

"Huyu amelishwa, nesi. Na aliyemlisha umemwona, amesimama nyuma yangu."

"Mimi nimeona mama mmoja aliyechoka," nikamwambia. "Nipishe nimpime homa."

Lakini halikuwa jambo la kupishana. Ukoo ulikwisha kukaa. Wazee walisema hospitali wanaipa mpaka Jumapili ya pili. Wazungu na wasomi wakiutaja ugonjwa na ulikotoka, vema. Wakishindwa, basi ni sumu, na sumu hupikwa jikoni, na jikoni kuna mtu mmoja. Kokuberwa angerudi kwa baba yake na nguo alizovaa. Watoto wake wanne wangebaki, na kibanja alichokipalilia miaka kumi na tisa kingebaki, na migomba aliyoipanda kwa mikono yake ingemenywa na mwanamke mwingine. Aliniambia haya yote kwa sauti ndogo kwenye baraza ya wodi, kwa sababu ndani alikuwa amekatazwa kuingia. Chakula cha mgonjwa alikuwa akileta Joviana, aliyefikia kwa ndugu zake Bilele.

"Wewe umemlisha?" nikamwuliza. Mimi sizunguki.

"Nimemlisha, nesi. Ebitoke vya ndizi, maharage, dagaa. Miaka kumi na tisa." Akafuta macho na ncha ya kanga. "Kama chakula changu kinaua, mbona kimechelewa hivyo?"

Nikampenda papo hapo.

Daktari wetu alikuwa Dakta Kagaruki, kijana mwembamba aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na miwani iliyofungwa kwa plasta. Alikuwa na tabia ya kuongea na magonjwa badala ya wagonjwa. Alimfunga Mutalemwa mpira wa mashine ya presha mkononi, akaupuliza, akauacha umebana, akatazama saa yake. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili, kiganja kikaanza kujikunja chenyewe. Vidole vikanyooka pamoja, kidole gumba kikaingia ndani. Nikasema kwa sauti: huo ni mkono wangu mwenyewe ninapotaka kumsaidia mama anayejifungua! Wodi nzima ikapiga kelele. Mgonjwa wa kitanda cha tano, aliyekuwa amevunjika mguu, nusura akimbie.

"Safi sana," akasema Dakta Kagaruki.

"Mawe, mama yangu! Anasema safi!" akalia Joviana. "Ndugu yangu anageuka kuwa mkunga, yeye anasema safi!"

Daktari alisema kujikunja huko ni dalili ya kalsiamu kupungua mwilini, akampa kalsiamu kwenye mshipa, polepole. Ilipaswa kumfungua vidole vile. Vikafunguka kidogo, jioni vikarudi. Kesho yake akarudia, vikarudi tena. Siku ya tatu akavua miwani, akaiangalia plasta, akaniambia, "Sista, hii kalsiamu inapungua kwa sababu kuna mwenzake aliyeondoka kabla yake. Huyu mtu hana magnesiamu."

Nikamwuliza hiyo magnesiamu ni nini, maana chuoni tulifundishwa kurasa mbili tu. Akaniambia ni chumvi fulani ya mwilini, kidogo sana, lakini bila hiyo misuli inasahau kulegea na moyo unasahau hesabu yake. Damu ikachukuliwa, ikatiwa kwenye chupa ya barafu, ikapanda meli kwenda kwenye maabara kubwa ng'ambo ya ziwa. Majibu, wakasema, baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea meli na karatasi.

Dawa haikungoja meli. Tulikuwa nazo chupa za sindano za magnesiamu kabatini, zile tunazowachoma wajawazito wenye kifafa cha mimba. Sasa sikilizeni mambo ya Mungu: chumvi iliyomo ndani ya chupa zile, ukiikoroga kwenye glasi ya maji ukamnywesha mtu, ni haluli. Ileile! Ukiimeza inakuendesha mbio, ukichomwa kwenye tako inakutuliza. Nilimchoma Mutalemwa, na asubuhi mkono ukawa umetulia, akawa anataka kuhutubia wodi.

Joviana hakuridhika.

"Mnasema imepungua. Sawa. Nani aliyeipunguza?"

Nami ningependa kumcheka, lakini lilikuwa swali lenyewe. Wazee wa Ijumbi walikuwa wanauliza hilohilo, na Kokuberwa alikuwa amekaa kwenye baraza akilisubiri jibu lake.

"Magnesiamu ina milango miwili tu," Dakta Kagaruki akaniambia ofisini. "Ama haiingii, ama inatoka. Mtu anayekula ndizi na maharage kila siku, mlango wa kuingilia uko wazi. Kwa hiyo tutafute inapotokea." Akaandika kwenye karatasi: pombe, kuhara, dawa za kukojoza, figo, sukari. Kisha tukaenda kitandani, yeye na kalamu, mimi na macho yangu.

"Ndugu Mwenyekiti, unakunywa pombe?"

"Rubisi naionja tu, kwa heshima ya mwenye nyumba. Padri wetu ni shahidi."

"Kuna vidonge vyovyote unameza? Vya kukojoza, vya presha?"

"Mimi dawa za wachawi na za maduka nimezipiga marufuku kijijini."

Tulipima mkojo: sukari hakuna, na figo zilionekana njema.

"Unaharisha?"

Hapo Mutalemwa akajiinua juu ya mto. Unajua kiongozi anavyojiinua.

"Daktari, choo changu ni mfano wa tarafa nzima."

"Sikuulizi jengo," akasema Dakta Kagaruki. "Nauliza kinachoingia."

"Sijahara tangu Uhuru."

Wodi ikasikia. Daktari akafuta neno kuhara kwenye karatasi yake. Na mimi, mjinga, sikumzuia.

Siku mbili zikapita. Tukimchoma sindano, mkono unatulia. Tukipumzika kidogo, unajikunja. Tulikuwa tunajaza mtungi uliotoboka, na tundu hatulioni. Jumatano jioni Dakta Kagaruki alikuwa amekaa na vitabu vitatu wazi, akisoma magonjwa ya figo ambayo hutokea kwa mtu mmoja kati ya malaki. Alifurahi mno. Nikamwacha, nikaenda barazani kwa Kokuberwa na kikombe cha chai, kwa sababu Jumapili ilikuwa inakuja na mtu asiyekula huwa haishindi Jumapili.

Tukaongea ya nyumbani, ya mvua, ya watoto. Akasema kijana wake mkubwa amebaki anachimba choo.

"Choo gani? Si mnacho kile cha kwenda kutazamwa?"

"Kimejaa, nesi."

Nikaweka kikombe chini. "Futi ishirini na tano? Kwa miaka miwili? Mko wangapi ndani ya nyumba ile, jeshi?"

"Sita. Baba watoto alisema mfano wa zamani umepitwa, lazima tuwe na mfano mpya." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Yeye hupenda kukaa mle. Kila alfajiri na gazeti lake. Anasema ndipo mahali pa pekee ambapo wananchi hawamfuati."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa huyu, choo kilikuwa kimekitangulia kifo.

Asubuhi yake sikufanya kazi nyingine ila kumtazama Mwenyekiti. Saa mbili akashuka kitandani, akavaa koti lake la kola ndogo, akashika fimbo, akatoka. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Kukagua choo cha hospitali," akasema. "Usafi ni jukumu la kila mwananchi." Saa tatu akaenda kukagua tena. Saa nne kasoro akaenda kwa haraka kidogo, bila koti. Mpaka saa nane mchana alikuwa amekagua mara sita, na wagonjwa wenzake walimsifu kwamba huyo ndiye kiongozi, hata akiumwa halali. Nami nilikuwa nimempita barazani kila siku nikimwambia, "Hongera, Mwenyekiti." Nilitamani kujipiga kofi.

Basi kuhara kulikuwepo. Lakini kunatoka wapi, kwa mtu anayekula uji wa hospitali na chakula cha dada yake? Nikalitazama kabati lake. Juu yake palikuwa na chupa ya chai ya Joviana, ile ya maua mekundu, anayoileta kila alasiri na ambayo mgonjwa huinywa peke yake bila kumkaribisha mtu. Kwetu, mtu anywe chai peke yake katikati ya wodi asiseme hata karibu? Hiyo peke yake ni dalili ya ugonjwa.

Mutalemwa alipokwenda ukaguzi wa saba, nilifungua chupa. Haikuwa chai. Ilikuwa maji ya kahawia, machungu, yenye harufu ya mizizi na udongo. Sasa, mtu mwenye akili angepeleka kwa daktari. Na daktari angeipandisha meli. Mimi nikaona Jumapili ni mtondo, nikamimina kikombe kimoja, nikaziba pua, nikanywa.

Kwa saa nzima hakikutokea kitu, nikaanza kujilaumu kwa kumdhania vibaya mcha Mungu wa watu. Kisha nikasikia tumbo linauliza swali. Halikungoja jibu. Nilikimbia, ndugu zangu, na kofia yangu ya unesi ikabaki njiani. Nilikaa mle mpaka nikayakumbuka maombi yote ya Kilutheri na mengine ya Kikatoliki. Nikiwa katikati ya mateso hayo mlango ukagongwa kwa fimbo.

"Kuna mtu?" Sauti ya hotuba, lakini yenye haraka.

"Kuna mtu, Mwenyekiti. Umekuja kukagua?"

"Nesi? Wewe unafanya nini humo?"

"Mimi naharisha, waitu. Nimekunywa chai yako."

Kisha fimbo ikaanguka chini, nikamsikia anapumua kwa shida upande wa pili wa mbao. "Nesi," akasema, na sauti ya hotuba ilikuwa imekwisha kabisa, "tafadhali, maliza upesi."

Alikiri jioni hiyo mbele ya Dakta Kagaruki, uso ameugeuzia ukutani. Uenyekiti ulikuwa umempa maadui wengi. Yeye ndiye aliyeandika majina ya watakaolima shamba la ujamaa Jumamosi, yeye ndiye aliyewatoza faini wasio na vyoo. Kule Ijumbi serikali haikuhamisha mtu, mgomba hauhami, lakini mwenyekiti alipaswa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuhamasisha, na kila nyumba inasema "Nyegera waitu", karibu mpendwa wetu, inatandika jani, inaweka ebitoke. Na mgeni akikataa chakula Uhayani, amemwambia mwenye nyumba kwa kinywa kipana kwamba ni mwuaji. Basi alikuwa anakula. Anakula, anasifu, anaomba kuongezwa. Dada yake ndiye aliyemwonya kwamba siku moja watammaliza. Akamletea mizizi kutoka kwa mzee mmoja wa Buhembe: kikombe kimoja kila jioni, chochote kibaya ulichokula kinatoka kabla hakijakaa. Kila jioni, kwa miaka miwili. Na Joviana aliponiletea mgonjwa wake hospitalini, angemwachaje bila kinga mahali ambapo hata uji hupikwa na mtu asiyemjua?

"Nilipoanza kutetemeka," akasema Mutalemwa, "nikajua sumu imeingia. Nikaongeza viwe vikombe viwili."

Dakta Kagaruki alifunga vitabu vyake vitatu. Nilimwona anaviaga vile vya figo kwa huzuni. Akachukua ile karatasi, akaandika upya neno alilolifuta: kuhara. Damu yenyewe ilijibiwa siku kumi na moja baada ya mgonjwa kutoka, kwa karatasi nzuri yenye mihuri miwili, ikithibitisha kwamba magnesiamu iko chini. Aliitundika ukutani.

Tulimwaga chupa ile, tukamchoma sindano tatu zaidi, na Jumapili mkono ulibanwa kwa mpira wa presha dakika tano bila kujikunja. Daktari akaandika cheti, nikapanda landrova na mgonjwa, mke na dada, tukaenda Ijumbi. Joviana alihesabu rozari mpaka Muleba.

Wazee wanane walikuwa wamekaa uani kwa Mutalemwa baada ya misa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Karugendo, baba mdogo wa mgonjwa. Kokuberwa aliingia jikoni kwake kama kawaida, akatoka na kibuyu cha rubisi. Akapiga magoti, akaonja yeye kwanza, kama desturi ilivyo, mgeni aone kwamba hakuna kitu. Kisha akakitoa. Hakuna mkono uliopokea. Kibuyu kilibaki hewani kati yake na wazee wale, na yeye amepiga magoti.

"Nileteeni mimi!" nikasema. Nikanywa nusu. Baada ya chupa ya Joviana nilikuwa siogopi kinywaji chochote cha dunia hii.

Nikasoma cheti. Nikawaeleza milango miwili, nikawaeleza mizizi, nikawaeleza mpaka habari ya tumbo langu, wakainamisha macho kwa aibu yangu. Mzee Karugendo akahesabu vidoleni.

"Kwa hiyo," akasema, "sumu ilikuwepo."

"Dawa, Mzee. Ya kuzuia sumu."

"Iliyomwangusha."

"Iliyomwangusha."

"Na aliyeileta ni Joviana."

Ebo! Vichwa vinane vikageuka pamoja. Ukoo ulikuwa umekuja na adhabu mkononi tangu nyumbani, na adhabu ikishabebwa ni lazima ikabidhiwe kwa mtu. Joviana akadondosha rozari. Akaanza kulia kama mtoto, anasema nilimlinda, nilimlinda, mama yetu alikufa mkononi mwangu akaniambia mlinde. Mimi niliyemchukia wiki mbili nilimhurumia, nikamwokotea rozari yake. Alikuwa akimwua ndugu yake kidogo kidogo kwa mapenzi matupu.

"Mwacheni wifi," akasema Kokuberwa.

Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakupaza sauti.

"Mimi nina swali moja tu, kwa baba watoto. Nikijibiwa, mambo yamekwisha." Akamgeukia mumewe. "Mwaka jana, Kwaresima, ulijikata mguu kwa panga. Hukutoka nyumbani wiki tatu. Hukula kwa mtu. Ulikula kwangu tu. Wiki hizo tatu, ulikunywa ile mizizi?"

Mutalemwa aliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa, sindano zetu zilifanya kazi nzuri. Nilimwomba Mungu, Mwenyekiti adanganye. Mtu aliyedanganya tangu Uhuru, angeshindwa nini kuongeza siku moja?

"Nilikunywa," akasema.

Kokuberwa akaitikia kwa kichwa, akachukua kibuyu chake, akamwaga rubisi iliyobaki kwenye shina la mgomba. "Basi mimi nabaki kwenye kibanja changu," akasema. "Hamkunikuta na kosa. Lakini anayeogopa chakula changu atamenya ndizi zake mwenyewe." Wazee wakachukua fimbo zao, kwa sababu hakuna desturi iliyowahi kulifikiria jambo hilo.

Na alimenya. Datius Mutalemwa, mwanamume wa Kihaya, mwenyekiti, alikaa jikoni na kisu, utomvu umemganda vidoleni, watu wakipita njiani wanachungulia. Mtadhani alichekwa. Wapi! Ukweli wa Jumapili ile wazee waliufukia kule kwenye choo cha zamani. Taarifa ikafika wilayani kwamba mwenyekiti wa Ijumbi anapika, anatekeleza usawa wa binadamu kwa vitendo. Lori likaja tena na wageni. Wakapanga foleni mlangoni pa jikoni, wakampigia makofi, wakamwandika kwenye ripoti ya mkoa. Kokuberwa aliwaletea maji ya kunawa.

Nilipita Ijumbi mwaka uliofuata kwa chanjo. Walinikaribisha. Mutalemwa alikuwa amenenepa, mkono wake umetulia. Akatuwekea ebitoke alivyovipika mwenyewe, vigumu, havina chumvi, aibu tupu. Sahani ya kwanza akampa mke wake. Kisha akanyoosha mkono, akakata kipande kidogo ukingoni mwa sahani ile ili aonje yeye mbele yake, kama mtu anavyomwonjea mgeni.

Kokuberwa akaivuta sahani kwake.

"Usionje," akamwambia. "Mimi sijawahi kukuogopa."

Akala mpaka ikaisha. Mutalemwa alibaki ameshika kile kipande mpaka kikapoa, na sikuona alipokiweka.